Bustani Iliyo Ndani ya Nyumba: Kutoka Viwanda vya Lamu Hadi Roshani za Mombasa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiotesha ardhi kwa kila namna ya mmea upendezao. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, mama zetu na dada zetu, mji wa Lamu haumwonyeshi mpita njia bustani zake. Mgeni ashukaye gatini akakata vichochoro vya Mkomani huona kuta ndefu za mawe ya matumbawe na chokaa, milango ya nakshi, na punda waliobebeshwa mchanga. Jani la kijani huenda asilione hata moja. Lakini ikiwa jua limekwisha kutua, pua humwambia lile ambalo macho hayakuliona. Harufu ya asumini hupanda juu ya ukuta, ikavuka, ikashuka njiani, na mpita njia akajua kuwa nyuma ya mawe yale kuna mtu anayetunza kitu.

Mwezi wa Mfunguo Sita tulikwenda Lamu kwa ajili ya Maulidi, kama wafanyavyo wengi wa pwani yetu kila mwaka. Twajua kuwa msikiti unaowakusanya watu wakati huo ni Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, na jina hilo limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya bustani. Ni neno lile lile alilolitumia Mtume (s.a.w.) aliposema kuwa baina ya nyumba yake na mimbari yake kuna bustani katika bustani za Peponi, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Nyumba na bustani zimetajwa pamoja katika kauli moja tukufu. Katika siku zile tuliyatazama majumba ya Lamu kwa jicho hilo, na leo twapenda kuwasimulia tuliyoyaona na yale tuliyoyafikiri baada ya kurejea Mombasa.

Kiwanda, na si cha mashine

Wajenzi wa Lamu wa karne ya 18 na ya 19 waliijenga nyumba kwa kuipa njia mgongo. Ukifika mlangoni hukuta kwanza daka, lenye mabaraza ya mawe, mahali pa wanaume kuzungumza na wageni wao. Ukivuka hapo, njia ya kuingilia hupinda kwa makusudi, ili jicho la aliye nje lisifike ndani moja kwa moja. Baada ya pindo hilo ndipo huja kiwanda. Kwa vijana wetu neno hili ni mahali pa mashine na moshi. Kwa watu wa Lamu ni uwanja mdogo ulio wazi juu, uliozungukwa na kuta, ambao nyumba nzima huutegemea kwa mwanga na hewa.

Misana, yaani vile vyumba virefu vyembamba, huelekea kwenye kiwanda hicho. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa kuwa ndizo zinazoibeba dari nzito ya mawe na chokaa. Chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko boriti yake. Hata hivyo, aliyeketi msanani akatazama kiwandani haoni dhiki, kwa kuwa mbele yake pana mbingu na majani.

Mama mmoja aliyekwisha kupata vitukuu alitukaribisha mbele ya wanawe, akatuhesabia mimea yake mmoja mmoja kama mtu anayetaja wajukuu. Miti miwili ya asumini ilikuwa imeparamia ukuta wa upande wa magharibi. Mirehani ilikuwa ndani ya makopo ya samli, na kila kopo limetobolewa chini kwa msumari. Palikuwa na mwaridi mmoja, mshubiri katika chungu kilichopasuka mdomo, mnanaa karibu na birika unapopata majimaji, na mkomamanga mdogo pembeni, mahali ambapo sakafu ilifunguliwa. Ndani ya birika mliogelea visamaki, ambavyo watu wa Lamu wamevifuga tangu zamani ili vile viluwiluwi vya mbu. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichokuwa cha pambo tupu. Asumini ni manukato, mrehani ni manukato na ni dawa ya tumbo kwa wazee wetu, mnanaa ni wa chai, mshubiri ni wa aliyeunguzwa na moto wa jikoni, komamanga ni tunda lililotajwa ndani ya Qur'ani.

Tulilolipenda zaidi ni kuwa bustani ile ni ya sitara. Mwanamke wa Lamu hakuhitaji kutoka nje, wala kumwomba mtu ruhusa, ili apate kivuli cha mti wake. Aliamka alfajiri, akasali, akamwagia maji, akaketi chini ya mbingu akiwa nyumbani kwake.

Rayhani na vikuba

Neno la Kiarabu rayhani hukusanya kila mmea wenye harufu njema, na wazee wetu wakalituliza juu ya mmea mmoja, wakauita mrehani. Limetajwa katika Suratur Rahman miongoni mwa neema za ardhini, na katika Suratul Waqia miongoni mwa malipo ya waliokaribishwa kwa Mola wao. Imam Muslim amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) amemkataza mtu kuirudisha rayhani anapopewa, kwa kuwa kuibeba si kuzito na harufu yake ni njema. Na katika Bukhari imekuja kuwa aliwaita wajukuu wake, Hasan na Husein, rayhani zake mbili za duniani. Anayemjua mtu atamkaye maneno hayo, na mapenzi aliyokuwa nayo kwa watoto wale, hatauona tena mmea wenye harufu kuwa ni kitu duni.

Huko Lamu, kama ilivyokuwa katika Mji wa Kale wa Mombasa, asumini huchumwa alasiri yakiwa bado matumba. Ua lake hufunguka usiku, na likichumwa asubuhi ya pili huwa limekwisha kulegea. Mabinti huyatunga kwa uzi yakawa makoja, au huyachanganya na mrehani, petali za mawaridi na mkadi wakafunga vikuba vya kutiwa nyweleni au kifuani. Mengine hutandazwa kitandani au huwekwa baina ya nguo sandukuni. Hayo ni mapambo ya nyumbani, ya mke kwa mumewe na ya wanawake katika majilisi yao. Dada zetu wanajua kuwa atokaye kwenda mbele ya wanaume wasio maharimu wake hujizuia na manukato. Sheria haikuliharamisha ua. Imelichagulia mahali pake.

Wapo waliotuuliza kuhusu maneno ya mitaani, kwamba mti wenye harufu kali, kama asumini au mlangilangi, huyavuta majini hata ukaleta madhara ndani ya nyumba. Jibu letu ni kuwa hatukukuta dalili ya kututia hofu hiyo. Nyumba inayosomwa Qur'ani, inayoingiwa kwa bismillahi na kutolewa salamu, haidhuriki kwa kumea ua. Nyumba iliyokosa hayo, kuukata mti hakutaisalimisha.

Makopo yaliyopanda ngazi

Maisha ya wengi wetu sasa hayako katika nyumba za viwanda. Huko Lamu na Shela majumba mengi yamekwisha kuuzwa kwa wageni, na watoto wa mji wakahamia pembezoni au wakashuka Mombasa kutafuta riziki. Hapa Mombasa nazo, Majengo, Bondeni, Tudor na Kizingo, nyumba za ghorofa zimesimama mahali palipokuwa na nyua. Familia iliyokuwa na uwanja na kisima sasa ina vyumba viwili, jiko, na roshani ambayo kamba ya nguo imeijaza.

Twamjua mzee mmoja wa kike aliyeletwa Mombasa na mwanawe baada ya nyumba ya ukoo kuuzwa na mirathi kugawanywa. Alipewa chumba kizuri katika ghorofa ya tatu, akaekewa feni na runinga, na mkwewe akamtunza kwa wema. Pamoja na hayo alinyamaza. Alikula kidogo, akalala mchana, akauliza mara kwa mara ni saa ngapi, kwa sababu nyumba ile haikumwonyesha jua likipita. Kilichomzindua kilikuwa kitu kidogo. Jamaa aliyetoka Lamu alimletea vijiti vitano vya asumini vilivyofungwa kwa kitambaa kibichi. Viwili vilishika, vitatu vikafa. Tangu hapo bibi yule alipata sababu ya kutoka roshani kila baada ya sala ya alfajiri, na wajukuu wakapata sababu ya kumfuata wakiuliza maswali.

Hatusemi kuwa mmea hutibu huzuni. Shifaa iko kwa Mwenyezi Mungu, na mgonjwa hupelekwa kwa tabibu. Twasema kuwa mtu mzima aliyezoea kutunza, ukimwondolea kila cha kutunzwa umemfanya mgeni ndani ya nyumba ya mtoto wake. Na mti unapoachwa nyuma, huachwa pamoja na elimu yake. Saa ya kuchuma, namna ya kufunga kikuba kisifunguke, jani lipi hutiwa chai ya mtoto mwenye gesi tumboni: mambo haya hukaa mikononi mwa mama zetu kuliko vitabuni. Yakikosa kizazi kimoja cha kuyapokea, cha pili hakitajua hata kuwa kuna kilichopotea. Kwa hiyo twawasihi wanaohama: mkifungasha masufuria na mikeka, fungasheni na vijiti.

Kazi yenyewe si ngumu. Kijiti cha asumini hukatwa urefu wa shibiri moja kutoka kwenye tawi lisilo changa sana wala gumu sana. Majani ya chini huondolewa, kikachomekwa kwenye udongo wenye mchanga, kikawekwa kivulini na kulowanishwa kidogo kidogo, na kwa kiasi cha mwezi mmoja huanza kushika. Baadaye hutaka jua la nusu ya siku au zaidi, na hupunguzwa matawi baada ya kuchanua, kwa sababu maua huja kwenye machipukizi mapya. Mrehani ni mwepesi zaidi: tawi lake likitiwa ndani ya glasi ya maji hutoa mizizi katika siku chache, na ukikata vichwa vya maua mara kwa mara majani huzidi. Mnanaa hupenda jua la asubuhi tu na udongo usiokauka. Mshubiri huuawa na maji mengi kuliko kiu.

Maji ya udhu

Mama wa Mombasa atatwambia: maji ya kunywa twanunua kwa mtungi wa lita 20, ya miti tutayatoa wapi? Swali lake ni la haki, na jibu limo katika Sunna. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni chini ya lita moja. Anayetawadha kwa sala tano kwa kipimo hicho hafikishi lita tano kwa siku. Sisi twafungua mfereji, na kwa udhu mmoja twamwaga zaidi ya hayo.

Basi watu wa nyumba wakitawadha juu ya beseni, kwa kopo au birika ya mkono, watapata faida mbili: israfu itapungua na maji ya mimea yatapatikana. Katika madhehebu yetu ya Shafii, maji machache yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi ni tohara, ingawa hayafai kutawadhia tena. Kuyamwagia miti hakuna ubaya wowote. Vivyo hivyo maji ya kuoshea mchele. Maji ya chumvi ya visima vyetu, hata hivyo, yatumiwe kwa hadhari, maana chumvi hujikusanya ndani ya kopo na ncha za majani zikaungua. Mvua za masika zikija, wekeni ndoo na muyakinge.

Jambo jingine la tohara ni samadi. Kinyesi cha mnyama, kikiwa cha punda au cha mbuzi, ni najisi kwetu. Kukitia kwenye udongo wa mimea kumeruhusiwa, na tunda au ua litokalo humo ni tohara. Lakini kopo lenye samadi lisiwekwe mahali ambapo maji yake yatachuruzika hadi kwenye msala au nguo za sala. Iliyooza vizuri ndiyo bora, kwa mmea na kwa pua za majirani. Maganda ya ndizi na majani ya chai yaliyooza pamoja na udongo hutosha kwa nyumba ndogo, wala hayana mashaka hayo.

Na wanavyuoni wa madhehebu yetu walipozungumzia mlango wa matumizi, walisema kuwa kumlisha mnyama umfugaye ni wajibu, na kuacha kuinywesha miti na mimea ilhali waweza ni makuruhu, kwa sababu ni kupoteza mali. Mti ulio shambani hungojea mvua ya Mola wake. Uliofungiwa ndani ya kopo haupati tone ila kwa mkono wetu. Anayeuingiza nyumbani ameingia katika amana, hata kama aliununua kwa shilingi chache.

Haki za jirani na usalama wa watoto

Roshani zetu zimepandana, na aliye juu ana jirani chini. Kopo lisilowekewa kisahani hudondosha maji ya udongo juu ya nguo zilizoanikwa. Chungu kilichowekwa juu ya ukingo, upepo wa kusi ukakisukuma, chaweza kumwua mtoto anayecheza uani. Sheria yetu imejengwa juu ya msingi wa kuwa mtu asidhuru wala asidhuriwe. Vyungu viwekwe sakafuni, au vifungwe kwa waya madhubuti upande wa ndani wa vyuma.

Kisahani nacho kina hatari yake. Mbu waenezao homa ya dengi hutaga kwenye maji machache yaliyotulia ndani na kandokando ya nyumba, na mji wetu wa Mombasa umekwisha kuonja maradhi hayo, ukiwemo mlipuko wa 2013 na ule wa 2017. Yai la mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi kidogo hadi kuwa mbu arukaye. Anayemwaga na kusugua visahani vyote kila Ijumaa asubuhi, pamoja na usafi wake wa siku hiyo, huwa amewahi. Wengine hukijaza kisahani mchanga, unyevu ukabaki na maji yasionekane.

Mama wenye watoto watambaao waiangalie pia mimea inayouzwa na wenye vitalu kwa ajili ya sebuleni. Ule utambaao wenye majani ya umbo la moyo, na ule wenye majani mapana ya madoa meupe, hutoa utomvu unaochoma mdomo na ulimi wa mtoto akiutafuna. Haina haja ya kutupwa. Itundikwe juu asipofika.

Na tusiwe watu wa kuuziwa maneno. Huambiwa kuwa mimea ya ndani husafisha hewa ya chumba. Asili ya maneno hayo ni majaribio yaliyochapishwa mwaka 1989 na shirika la anga la Marekani, NASA, na yalifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Watafiti waliolipitia jambo hilo mwaka 2019 walionyesha kuwa nyumba ya kawaida ingehitaji mimea mingi mno kabla haijaishinda kazi ya dirisha lililo wazi. Fungueni madirisha, na mmea muuweke kwa faida zake za kweli, nazo si chache.

Miti yetu yenye majina ya ugenini

Jambo moja lilitushangaza katika vitalu vya Mombasa. Mmea unaouzwa ghali leo kwa ajili ya ofisi na sebule, wenye vijani vinene vinavyong'aa na mizizi kama viazi, uvumiliao kiza na kiu, ni mmea wa vichaka vya pwani yetu na Unguja. Ule wa majani marefu yaliyosimama kama panga, mfano wa mkonge mdogo, nao una jamaa wengi wanaomea wenyewe katika nyika zetu. Na lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya laini, linalopamba madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, lilitoka milima ya Usambara. Mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka mmea huo kwao, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la kitaalamu la Saintpaulia kwa kumkumbuka yeye. Ndugu zake wanaishi hadi leo kwenye miamba yenye kivuli katika kaunti ya Kilifi, nao ni wachache na makao yao yanazidi kupungua. Mwenye kuupenda anunue kwa mwenye kitalu, wala asiung'oe mwambani.

Twasema haya ili vijana wetu wasidhani kuwa mmea wa ndani ni anasa ya kuiga. Wageni walivichukua kwetu vilivyokuwa vimetuzunguka, wakavitia ndani ya nyumba zao, wakavitunza. Sisi tuliokuwa na viwanda vya asumini hatuna sababu ya kubaki na kuta tupu.

Amali ndogo idumuyo

Bibi Aisha (r.a.) amepokea kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa kidogo. Hatujui njia nyepesi ya kumfundisha mtoto maana ya hadithi hii kuliko kumpa kopo moja liwe lake. Atasahau siku mbili na majani yatamlegea. Atamwagia kupita kiasi na mzizi utaoza. Mwishowe ataelewa kwa mkono wake kuwa kikombe kimoja kila siku ni bora kuliko ndoo moja kila mwezi, na tumtarajie aipeleke elimu hiyo kwenye hizabu yake ya Qur'ani.

Baba naye asijitoe. Bibi Aisha huyo huyo aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kazi za ahli zake. Gunia la udongo halipandi ngazi lenyewe hadi ghorofa ya tatu, na mgongo wa mama umekwisha kubeba mengi.

Tuwakumbuke pia walio katika eda. Mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, ameacha manukato, hina na mapambo. Hatavaa asumini katika siku hizo, lakini kuumwagia mti maji hakukukatazwa. Tumeona nyumba ambamo mabinti wa jirani waliingia kila alasiri kuchuma maua ya mama aliyefiwa, wakaketi naye, wakamsomea, wakaondoka na vikuba vyao. Mti ule ulimletea watu katika miezi ambayo wengi, baada ya hitima, huwa wamekwisha kuusahau mlango wa mjane. Mwenye mti wenye afya basi akate vijiti awape jirani zake. Tumeagizwa kuzidisha maji ya mchuzi ili jirani apate. Kijiti cha mrehani hakihitaji hata hayo.

Neno moja la kutahadharisha. Katika Bukhari na Muslim, mnafiki asomaye Qur'ani amefananishwa na rayhani: harufu yake njema na ladha yake chungu. Nyumba yaweza kunukia asumini hadi njiani, na ndani yake mkawa na matusi, mkwe anayeonewa au mama mzee asiyesemeshwa. Maua hayo hayatamfaa mwenye nyumba hiyo. Tuanze na ladha, kisha harufu.

Mtume (s.a.w.) amebashiri kuwa Muislamu apandaye mti, kila anachokula humo ndege, mtu au mnyama huandikiwa sadaka. Chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, haoni ugumu wa kufika ghorofa ya tatu kumtafutia mwenye roshani thawabu zake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe na utulivu, mapenzi na rehema, awarehemu mama zetu waliotutangulia na kutuachia harufu njema, na atukutanishe nao katika bustani zisizonyauka. Amin. Wabillahi tawfiq.